Chagua pa Kuweka Nakala Kabla Seva Haijakuchagulia

Ukitaka kuchagua kati ya bakapu ya mawinguni na bakapu ya ofisini, anza kwa kumwomba muuzaji akae kimya kidogo. Wa mawinguni atakutajia bei ya gigabaiti moja kwa mwezi. Wa vifaa atakuonyesha kisanduku cha diski chenye taa za buluu. Wote wawili wanazungumzia siku ya kuhifadhi, na siku ya kuhifadhi haijawahi kumtoa mtu jasho. Wewe fikiria siku ya kurejesha: volyumu ya seva imegoma kufunguka, foleni ya wateja imefika nje ya mlango, na mhasibu anapiga simu hata kabla hujakata ile ya kwanza.

Sasa panda ofisini kwa bosi. Muulize hivi: "Mzee, seva ikifa saa nne asubuhi, tunaweza kukaa bila mfumo mpaka saa ngapi? Na kazi ya saa ngapi tuko tayari kuiingiza upya kwa mkono?" Atakwambia seva haitakiwi kufa. Muulize tena, kwa heshima ileile, na usinyanyuke kitini mpaka akupe majibu yote mawili, kwa saa, uyaandike kwenye karatasi. Mtu wa IT asiye na hiyo karatasi anachagua kwa ushabiki, kama anavyochagua timu ya mpira.

Kisha chukua kalamu upige hesabu. Terabaiti 1 ikishushwa kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, bila kukatika na bila mtu mwingine yeyote kuigusa laini hiyo, inachukua siku 4 na saa 15. Data hiyohiyo ikitoka kwenye diski ya chumba cha pili kwa mtandao wa ndani wa gigabiti 1, inachukua saa 2 na zaidi kidogo. Kama bosi amesema mfumo urudi kabla ya saa kumi jioni, basi hapo hakuna mjadala. Nakala ya kwanza inakaa ndani ya jengo lako, kwenye kifaa kilicho mbali na seva yenyewe.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na kwa majirani zetu. Aliyekuwa na nakala yake pekee Ireland au Cape Town aliendelea kuwa nayo, ila njia ya kuifikia ilikuwa imedhoofika. Ongeza na gharama: makampuni mengi ya mawinguni yanapokea data bure na kutoza wakati wa kuitoa. Zipo pia hifadhi za bei ya chini sana, kama Glacier Deep Archive ya Amazon, ambazo hukusubirisha hadi saa 12, na ukichagua njia nafuu zaidi hadi saa 48, kabla hata hujaanza kushusha faili. Ni mahali pazuri pa kuweka hesabu za mwaka juzi. Pa kuweka mishahara ya mwezi huu ni kwingine.

Ila usikimbilie kununua kisanduku ukadhani umemaliza. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Hifadhi ya faili za watumishi wa umma, iitwayo G-Drive, iliteketea na terabaiti 858. Haikuwa na nakala nje ya pale, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Hayo yametokea katika nchi ambayo wengi wetu huitaja tukitaka mfano wa maendeleo ya kompyuta. Ofisi yenye seva chini ya ngazi, karibu na jiko la chai, haina haki ya kujiona salama zaidi. Na mwizi akivunja usiku hachagui: atabeba seva na kile kisanduku kilichokaa juu yake.

Wingu nalo lina paa na kuta. Machi 2021 jengo zima la OVHcloud liliungua Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliogundua asubuhi kwamba nakala walizozilipia zilikuwa palepale na data yenyewe. Mei 2024 Google ilifuta kwa makosa huduma ya wingu ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Nakala pacha ya huduma hiyo ilifutika pamoja nayo. Kilichousaidia mfuko ule kurudi ni pamoja na nakala zilizokuwa kwa kampuni nyingine. Kampuni ya Code Spaces haikuwa na akiba hiyo. Mwaka 2014 mtu aliingia kwenye akaunti ya kampuni hiyo kule Amazon, akafuta sehemu kubwa ya data na bakapu, na kampuni ikafungwa. Akaunti ilikuwa moja, na aliyeishika alishika kila kitu.

Kisa ninachokithamini kuliko vyote kimetokea barani kwetu. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilivamia kampuni ya meli ya Maersk na kufuta seva zake za utambulisho, zile zinazoamua nani anaruhusiwa kuingia wapi, duniani kote. Kila seva ilikuwa nakala ya mwenzake, kwa hiyo zilikufa pamoja. Mwandishi Andy Greenberg ameeleza kwamba moja tu ilipona, nayo ilikuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na seva ikawa nje ya mtandao. Walipotaka kuvuta data yake kwenda Uingereza, laini ilikuwa nyembamba mno. Ingechukua siku kadhaa. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza. Basi akapanda ndege mpaka Nigeria, akamkabidhi diski mwenzake uwanja wa ndege, na huyo ndiye aliyeifikisha. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na diski iliyozimwa ikabebwa mkononi. Kwa hiyo tenga diski moja inayochomolewa baada ya kazi, ikalale jengo jingine. Kirusi cha kudai fidia (ransomware) hakiwezi kufunga faili za diski isiyochomekwa.

Kuhusu RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, nitasema kwa kifupi, maana jambo hili linachosha. RAID inakusaidia diski moja ikifa. Ukifuta jedwali kwa bahati mbaya, RAID italifuta kwa uaminifu kwenye diski zote. Snapshoti inayokaa ndani ya volyumu ileile nayo huzikwa na volyumu hiyo. Na kama juu yake kuna hifadhidata inayofanya kazi, toa nakala kwa pg_dump au mysqldump kwanza. Snapshoti tupu huiacha hifadhidata katika hali ya mashine iliyozimikiwa umeme ghafla.

Kwa hiyo uamuzi wangu kwa SACCOS, zahanati au shule ni huu. Nakala ya kila siku ikae ofisini kwa ajili ya kasi. Nakala ya usiku iende mawinguni kwa ajili ya moto na wizi, ikiwa imefungwa kwa usimbaji, na ufunguo wake usikae kwenye seva hiyohiyo. Akaunti ya wingu iwe na nywila ambayo seva haiijui, na ilipiwe kwa jina la ofisi. Kadi ya kijana wa IT aliyehamia kazi nyingine ikiisha muda, malipo yatakwama na nakala zitafutwa bila mtu kujua. Kama una taarifa za wagonjwa, soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa sababu imeweka masharti ya kuzipeleka nje ya Tanzania.

Halafu jaribu kurejesha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili, na hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Ile ya pg_dump ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya toleo lisilolingana, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na snapshoti ambayo mhandisi aliichukua saa 6 kabla kwa kazi nyingine kabisa. Data iliyoingia kwenye hifadhidata ndani ya saa hizo 6 haikurudi.

Ijumaa hii tafuta kompyuta tupu na mtu ambaye hakuufunga mfumo wenu. Mpe nakala ya ofisini na nakala ya mawinguni, mpe maelekezo yaliyoandikwa, na umwache arejeshe zote mbili bila kukuuliza. Andika muda aliotumia kwenye karatasi ileile yenye saa za bosi. Muda huo ukizidi saa hizo, irudishe karatasi kwa bosi na uombe fedha kabla bajeti ya mwaka haijafungwa.