Nanasi Moja, Wageni Ishirini

Wageni wanakuja Jumapili baada ya misa, umeshawaahidi juisi, na hela inatosha nanasi moja tu. Usihangaike. Oktoba, jua la Ufipa likiwaka na vumbi likipanda hadi kooni, nanasi moja litatoa lita tano, na kila mgeni ataondoka akisema hujabana mkono. Nifuate.

Kwanza, osha nanasi kwa brashi kabla ya kulimenya, kwa maana utajiri wako umo kwenye maganda. Menya nene, bila huruma. Maganda na ule moyo mgumu vitie sufuriani na lita nne za maji, tangawizi mbichi iliyopondwa ukubwa wa kidole gumba, na vijiti viwili vya mdalasini. Acha vichemke dakika ishirini. Sumbawanga yetu, hapa Ufipa, iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Usiipue kwa kuona mapovu tu.

Pili, epua, tia kijiko kimoja cha majani ya chai, funika dakika tano, chuja. Hii ndiyo siri yenyewe. Chai inaleta rangi na ukakasi kidogo, na ulimi wa mgeni utadhani ni tunda jingine. Sukari itie ikiwa bado moto, uzidishe kidogo kuliko unavyopenda, kwani ubaridi hupunguza utamu.

Tatu, nusu ya nyama ya nanasi isage uitie humo. Umeme ukikatika, ikwangue. Nusu nyingine ikate vipande vidogo sana vielee juu, maana mgeni huhesabu matunda kwa macho. Ongeza pasheni nane pamoja na mbegu zake nyeusi: usizichuje, hizo ndizo mashahidi wako. Ukibahatika kupata embe lililopandishwa kutoka Bonde la Rukwa, ambako joto ni kali kuliko huku juu, likate nalo. Ndimu zikamuliwe mwisho, kinywaji kikishapoa.

Nne, ubaridi. Kama huna friji, kitie kinywaji kwenye dumu, ulifunge kwa gunia lililoloweshwa, liweke kivulini panapopita upepo, na gunia lisikauke. Upepo mkavu wa kiangazi utafanya kazi bila kukudai umeme. Barafu ukiitumia, iwe ya maji uliyochemsha mwenyewe. Hapo hakuna njia ya mkato, ndugu yangu: matunda unaweza kuyapunja, tumbo la mgeni hapana.

Tano, mimina kwenye jagi la kioo na glasi ndogo. Glasi ndogo hujazwa mara mbili, na aliyeongezewa hujiona amekirimiwa. Ya kwanza mpe mama mkwe kwa mikono miwili, ukimchotea vipande vingi kuliko wengine. Akishasifu yeye, nani atabisha? Ukiulizwa umetia nini, jibu, "Nanasi na pasheni, mama." Ni kweli tupu. Idadi haikuulizwa.

Kinywaji kikibaki, kigawe jioni hiyohiyo kwa majirani. Ukikilaza nje ya friji na joto hili, kitaanza kutoa povu na kuelekea kuwa pombe, nawe uliwaalika wanakwaya.