Bango la Mjomba

Katika ukoo wetu mwenye kamera ni mtumishi wa umma asiyelipwa. Yangu ni ya mtumba, na lenzi ndiyo ileile iliyokuja nayo, ya milimita 18 hadi 55, lakini kwa jamaa zangu hiyo ni studio kamili. Anakuja mwenye kutafuta kazi, anakuja mwenye kuomba pasipoti, na mwaka wa uchaguzi akaja mjomba, mgombea udiwani.

Mkononi alikuwa na picha aliyojipiga mwenyewe kwa simu. Pua ilikuwa imewafikia wapiga kura kabla yake. Tusiilaumu pua. Simu ikiwa karibu sana na uso, kilicho mbele huvimba na masikio hukimbilia kisogoni. Dawa yake ni bure: mpiga picha arudi nyuma hatua mbili tatu, avute lenzi mpaka 55, na pua inarudi kwa mwenyewe.

Nikapendekeza saa kumi alasiri, kivulini. Mjomba akataka saa saba mchana, juani, "ili niwake, mwanangu." Jua la utosini halimwashi mtu. Linamchimba mashimo machoni na kumpaka mafuta kwenye paji. Ugomvi ukaamuliwa na mkewe: kiti kikawekwa karibu na mlango, mwanga ukaingia ubavuni, na mjukuu akashikishwa sinia la bati aurudishe mwanga kwenye shavu lenye giza. Wazo zuri, ila mikono ya mtoto huchoka. Nina picha kadhaa ambamo kilichong'aa vizuri ni kitambi.

Kisha ukuta. Nyuma ya mjomba palikuwa peupe pe, kamera ikaona weupe umezidi, ikapunguza mwanga, mjomba akabaki kivuli chenye kola. Nikailazimisha ipime uso peke yake. Akaonekana mtu, tena mtu wa maana.

Kwenye kuhariri mimi ni mchoyo. Chunusi naifuta, maana wiki ijayo haipo. Kovu na makunyanzi naviacha, kwani ni vya mwenyewe. Mjomba akaona huo ni uvivu. Akaipeleka picha kwa kijana wa steshenari anayechapa mabango, naye akaburuta kile kitufe cha kulainisha ngozi mpaka mwisho. Mvi zikaenda, makunyanzi yakaenda, likaenda hata kovu la utotoni alilolipata kwa kuanguka mnazini. Mabango yakabandikwa mtaa mzima.

Siku ya mkutano wa kwanza mjomba alifika mapema, akakaa mbele. Kijana mmoja wa kupanga viti akamwendea kwa adabu:

"Shikamoo mzee. Mwanao mgombea anafika saa ngapi?"

Wagombea wengine, karibuni. Njooni saa kumi, njooni na makovu yenu, na soda ya mshika sinia mtanunua wenyewe.