Tangi la Mama Mkwe

Nyumbani kwetu hakuna tangazo linalosikilizwa kwa makini kama mwelekeo wa mvua za vuli. Mwezi wa nane, Mamlaka ya Hali ya Hewa inapoeleza Oktoba hadi Desemba itakuwaje, mama mkwe huongeza sauti ya redio na kila aliyeko uani huacha alichokuwa akifanya. Tunakaa nje ya mji wa Tanga, njia ya kwenda Pangani. Bomba halijatufikia, na kisima chetu kina maji ya chumvi. Yafulie, yaogee, lakini ukiyapikia chai utaimwaga. Ndiyo maana mama anaulizia mvua kama wengine wanavyoulizia mshahara.

Vuli ya 2022 ilimuumiza. Mwelekeo ulikuwa umesema chini ya wastani, na kweli anga likatunyima. Ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo wa La Niña. Mto Ruvu ulipungua hadi watu wa Dar es Salaam wakapata maji kwa mgao. Kwetu tukawa tunanunua madumu ya mkokoteni, na mama akawa anaweka pembeni maji ya kuoshea mchele ili ayamwagie migomba. Siku moja alinikuta nachuja maji ya kisima kwa kitambaa nimpikie uji mwanangu. Hakusema neno. Aliingia chumbani kwake, akatoka na daftari lake la mauzo ya nazi, akaanza kupiga hesabu.

Agosti 2023 redio ikaja na habari nyingine: El Niño, mvua za wastani hadi juu ya wastani katika maeneo mengi yanayopata vuli, pwani ya kaskazini ikiwamo. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyetufafanulia uani. Kinachoamua vuli ya huku, alisema, ni bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa na joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakapoa, mawingu hujikusanya kwetu. Ilikuwa hivyo 1997, na ikawa hivyo tena 2019, Handeni na Korogwe zilipopata mafuriko. Mwaka huo wa 2023 El Niño na joto hilo la bahari vilikuja pamoja.

"Sasa mbona unaongea kama mtu aliyefiwa?" mama akamuuliza.

"Mama, hiyo ni mvua ya kuharibu."

"Ya kuharibu kwa asiye na chombo."

Wiki iliyofuata tangi jeusi la lita 5,000 likashushwa mlangoni.

Napenda nieleze hesabu yake, kwa sababu kisa chote kimejificha humo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa letu lina kama mita za mraba 100. Mvua ambayo watabiri huiita kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Zidisha: lita 5,000. Yaani usiku mmoja tu wa mvua kubwa unalijaza tangi lote, na saa inayofuata maji yanatafuta njia yake yenyewe. Mume wangu aliyasema haya mbele ya fundi, tena kwa kuandika na kijiti mchangani. Fundi akaitikia vizuri sana. Alifunga magata pande zote za paa, akashusha bomba la inchi nne hadi kwenye mdomo wa tangi, akajenga jukwaa la tofali ubavuni mwa jiko ili maji yawe karibu na mpishi. Bomba la kutolea ziada akasema ataliweka akirudi kumalizia. Akachukua malipo ya kazi iliyokwisha, akaenda. Lundo la mchanga lililobaki aliliacha kwenye kona ya ukuta, palepale penye tundu la kutolea maji ya uani. Tulimpigia simu mara kadha wa kadha. Kila mara alikuwa njiani.

Oktoba kusi ikatulia, yakaingia maleleji. Bahari ililala, joto likawa la kukwepesha watu ndani, na jioni mawingu yakawa yanasimama upande wa mashariki bila kufanya lolote. Manyunyu ya kwanza mama aliyaachia yapite. Alitaka paa lisafishwe kwanza vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi ya upepo wa bahari, ndipo bomba lielekezwe kwenye tangi. Hilo analisimamia kwa ukali, na naona ana haki. Maji ya kunywa watoto hayana mjadala. Mvua za mwanzo zikatupa maji hadi nusu ya tangi. Tulikunywa chai. Mama aliinusa kabla ya kuionja, akafumba macho.

Novemba ukaja usiku wenyewe. Tahadhari ilikuwa imetolewa, na shemeji akaingiza mkaa chini ya meza ya jikoni kwa sababu ndiyo sehemu kavu kuliko zote. Mvua ilianza baada ya saa sita usiku, nzito, isiyo na upepo, ya kudondoka wima. Kwa kuwa tangi halikuanza likiwa tupu, halikuhitaji hata milimita 50. Nilishtushwa na sauti ya maji yakianguka kutoka juu upande wa jiko. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimeinuliwa, maji yanamwagika pande zote kama shela, na uani palikuwa pamegeuka bwawa. Tundu la ukutani lilikuwa limezibwa na mchanga wa fundi ulioshuka na mvua. Maji yalishavuka kizingiti cha jiko. Debe la unga wa dona lilikuwa linaelea likigonga mguu wa meza. Mkaa, mchele, viberiti, vyote vimelowa. Vyeti vya shule vya shemeji vilikuwa kwenye sanduku la bati sakafuni, na nikamsikia akiita jina la mama yake kama mtoto.

Alipanda jukwaani akachomoa bomba. Maji ya paa zima yakamshukia kifuani, yakaendelea kujaza uani vilevile. Mume wangu alikuwa anapekua kwa koleo kutafuta tundu, lakini mchanga unarudi. Ndipo mama akatokea mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, taa mkononi.

"Toboeni ukuta."

"Mama, ukuta huu aliujenga baba."

"Baba yako alijenga ukuta wa kuzuia wezi, si wa kufuga maji. Toboa!"

Mtaimbo ukapigwa. Tofali la tatu lilipotoka, maji yakapita kwa kishindo, na bwawa la uani likaanza kushuka. Vifaranga wa chini ya jiko hatukuwawahi. Mama aliwaokota alfajiri mmoja mmoja akawafukia chini ya mwembe, na mimi sikuweza kumtazama.

Maji tuliyoyatoa yaliingia kwenye kitalu cha mchicha cha jirani. Asubuhi alikuja, na tulikuwa tayari kusikia yake. Akatazama ukuta uliotobolewa, akatazama tangi, akasema maji mazuri hivyo hayamwagwi ovyo. Yeye na mume wangu wakachimba mfereji kutoka kwenye lile tundu hadi migombani, ukipita mpakani mwa viwanja viwili. Miche ya mchicha mama aliilipa kwa nazi. Fundi mwingine akaweka bomba la ziada, inchi nne kama lile la kuingizia, maana maji yanayoingia kwa bomba nene hayatatoka kwa bomba jembamba.

Tangu hapo tunasikiliza redio kwa namna nyingine. "Juu ya wastani" maana yake ni zaidi ya asilimia 125 ya wastani wa muda mrefu, na "chini" ni pungufu ya asilimia 75, lakini hizo ni jumla za msimu mzima. Haziambii nyumba ni usiku gani. Kwa tangi, mbegu na bati tunafuata mwelekeo wa msimu. Kwa kuinua mkaa na kuzibua tundu tunafuata utabiri wa kila siku, na neno likipanda kutoka angalizo hadi tahadhari, mume wangu hutoka na koleo kabla hajala.

Agosti 2024 mwelekeo ulielemea chini ya wastani. Shemeji akasema mwaka huo tutapumzika. Mama akazima redio na kumwambia mvua zikiwa chache ndipo usiku mmoja mzuri unapotakiwa kukamatwa wote, kwa hiyo anataka tangi la pili. Mume wangu ameshapima mahali: upande wa migomba, mbali na jiko, na mchanga utakaobaki utaondoka siku hiyohiyo ndipo fundi alipwe.