Barua ya Wazi kwa Bodi ya Kampuni ya Cape, London

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi, waliopo na waliostaafu.

Pongezi. Ni nadra kampuni ya London kuziamini mahakama za Afrika kiasi hiki. Wachimbaji na wakazi zaidi ya 3,000 wa Penge, Prieska na kwingineko Afrika Kusini, ambako Cape ilichimba asbesto, walipoishtaki Cape huko Uingereza kwa maradhi ya asbesto, mawakili wake walishikilia kwamba kesi hiyo kwao ni Afrika Kusini, isikilizwe hukohuko. Imani hiyo ilichelewa kidogo: Cape ilikuwa imeshauza machimbo yake tangu 1979, na haikuwa tena na mali huko ya kukamata.

Ilichokiacha ni vumbi. Mwaka 1949 daktari Gerrit Schepers alizuru Penge, akakuta watoto wadogo wamo ndani ya magunia makubwa ya kusafirishia mzigo, wakiikanyaga asbesto ili ishindiliwe. Nyuzi ziliwamwagikia vichwani kutwa nzima, na msimamizi mwenye mjeledi alihakikisha hawalegei. Kanuni za kudhibiti vumbi hilo viwandani zilikuwepo Uingereza tangu 1931. Huenda mapafu ya Barking, kilikokuwa kiwanda cha Cape, na yale ya Penge yaliumbwa kwa malighafi tofauti.

Mwaka 1960 mtafiti J. C. Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Waliishi tu jirani na machimbo ya asbesto. Cape ilichimba kwa miaka 19 mingine. Na kweli ugonjwa wenyewe una adabu zake: hungoja miaka 20, 30, hata 40, mpaka mwajiri ameuza mgodi na kuaga.

Ubunifu nao usisahaulike. Kampuni tanzu ya huko Penge iliitwa Egnep. Isomwe kinyumenyume.

Julai 2000 majaji wa Bunge la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, Lord Bingham akiwaongoza, waliharibu mambo. Walisema wadai hawana fedha za kuendeshea kesi kubwa namna hiyo Afrika Kusini, hivyo kuwarudisha ni kuwanyima haki. Mwaka uliofuata Cape ikakubali kulipa pauni milioni 21, ikashindwa. Mwaka 2003 ikatoa milioni 7.5 kwa wadai, ambao sasa walikuwa wamefikia 7,500. Ukigawa sawa, pauni 1,000 kwa kila kifua. Wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa, jambo lililorahisisha foleni.

Bado kuna la Chandler, aliyepakia matofali Uxbridge, Uingereza, na kuugua asbestosi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la asbesto. Kampuni tanzu iliyomwajiri ilikuwa imeshavunjwa, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kampuni mama, Cape hiyohiyo, iliwajibika kumlinda. Bima ya kampuni tanzu ingesaidia, ila mkataba wake uliyatoa nje magonjwa ya mapafu yaletwayo na vumbi. Inaelekea kuna mtu ofisini aliyeyafahamu vizuri sana.