Kompyuta ya Mwaka 2009

Huku Bashay, mchezo wa kompyuta kama eFootball ukigoma kusasishwa, mtuhumiwa wa kwanza ni mtandao, wa pili ni mvua, wa tatu ni jirani mwenye kijicho. Bando la usiku linanunuliwa, simu inapachikwa dirishani kama mgonjwa anayeota jua, na kijana wa watu anakesha akiitazama asilimia moja ikisuasua. Hongera, mwanangu. Laiti mahindi ya mzee yangelindwa hivyo.

Ila hebu tupia jicho pembeni, chini ya kioo: kompyuta inasema ni Januari 2009! Ile betri ndogo ya madabodi, CR2032, ilishakufa. Umeme ukikatika tu, kompyuta inarudi utotoni. Seva ya mchezo inaleta cheti cha usalama cha mwaka huu, nayo kompyuta inakiona hakijazaliwa, inakikataa. Ina haki yake. Mwaka 2009 hata eFootball haikuwepo. Konami waliipa jina hilo pekee 2021.

Badili betri, rekebisha tarehe. Halafu angalia diski: Steam, duka la michezo ya kompyuta, huweza kuhitaji nafasi ya kujenga upya mafaili makubwa kabla ya kufuta ya zamani. Hapo itabidi uchague, mpira au tamthilia za Kikorea.