Tabo Inasinzia? Dawa Nane za Kuiamsha, Kuanzia Hafifu Hadi Kiboko Yao

Kila dereva wa pikapu ya dizeli anaijua ile sekunde. Umekanyaga mafuta mpaka chini, injini imeguna, moshi umetoka, na gari bado linajiuliza. Halafu ghafla linaruka, na abiria wa nyuma wanakutaja kwa majina yote.

Tabo inaendeshwa na gesi ya ekzosi. Gesi inazungusha gurudumu dogo upande mmoja, na gurudumu pacha upande wa pili linasukuma hewa ndani ya injini. Likichanganya, linapita mizunguko 100,000 kwa dakika. Injini ikiwa chini, gesi ni kidogo, kwa hiyo hewa ni kidogo, na bila hewa dizeli haiungui vizuri ikazaa gesi zaidi. Tangu Alfred Büchi wa Uswisi aliposajili hataza ya wazo hili mwaka 1905, wahandisi wanapigana na mduara huo. Ukipanda Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na usingizi wa tabo unakuwa mzito zaidi.

Mfano wetu ni Hilux D-4D ya lita 3.0, kwa sababu imejaa barabarani na fundi wake hakosekani. Tuhesabu kwenda chini.

8. Ekzosi ya kunguruma

Kelele haipandi mlima. Kukata mkia wa ekzosi na kufunga bomba nene kunawaamsha majirani; tabo inaendelea kulala. Kinachosaidia ni bomba linalotoka kwenye tabo yenyewe kuwa wazi, lisiwe limebonyea wala kuziba kwa masizi. Kama sailensa imeziba, badilisha sailensa. Basi.

7. Kiboksi cha pedeli

Kinauzwa kwa maneno matamu sana. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga. Sasa wewe tayari umekanyaga hadi kwenye zulia, utaiambia nini tena? Pedeli itakuwa nyepesi mjini, lakini gurudumu la tabo haliongezewi hata pumzi moja ya gesi.

6. Tabo kubwa zaidi

Hapa vijana wengi wanaibiwa. Gurudumu kubwa ni zito, na kitu kizito kinachelewa kuchanganya. Tabo kubwa inaleta nguvu nyingi juu, kwenye mizunguko ya mwisho, na inakunyima chini, kulekule unakolia. Anayebeba saruji na mahindi hana shida ya nguvu za mizunguko 4,000. Ana shida ya kuondoka.

Itunze uliyonayo. Shafti ya tabo inaelea kwenye oili ya injini. Oili ikiungua na kuganda, shafti inakaza na kuzunguka kwake kunachelewa. Ukimaliza mlima mrefu, usizime gari papo hapo. Iache injini iunguze bila kukanyaga mafuta kama dakika moja ili oili ipoze tabo, na ubadilishe oili kwa wakati. Hiyo ni bei ya chini kuliko tabo yoyote dukani.

5. Kuprogramu upya kompyuta ya gari

Mtaalamu mzuri anaweza kuifanya tabo iwahi kweli, kwa kupanga upya kiasi cha dizeli na namna tabo inavyodhibitiwa mizunguko ikiwa chini. Lakini dizeli ikizidi hewa ni moshi mweusi na joto kali, na klachi ndiyo inayolipa deni. Usiprogramu injini mgonjwa. Anza na namba 3 na 2 hapo chini, ndipo uitwe mteja wa kompyuta.

4. Matairi ya kutishia

Nayapenda matairi makubwa kwa macho, na ndugu zangu wa porini wana sababu nzuri za kuyafunga. Hesabu yake ni hii. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi. La 285/70R17 linafika 831, ongezeko la asilimia 7. Kwenye gia ileile na mwendo uleule, injini iliyokuwa inazunguka 2,000 sasa inazunguka takriban 1,870. Umeirudisha tabo kitandani kwa mikono yako, tena ukalipia. Kama kazi yako ni lami na changarawe, rudisha saizi ya kiwandani.

3. Masizi

Pikapu nyingi za kisasa zina vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya gesi ya ekzosi ndani ya injini ili kupunguza sumu hewani. Kwenye Hilux yetu gesi hiyo inachukuliwa kabla haijafika kwenye tabo. Vali ikinasa wazi kwa masizi, gesi inapita mlango wa nyuma na gurudumu linabaki na njaa. Mwambie fundi aitoe na kuisafisha pamoja na manifodi ya hewa, ambayo huwa imebanwa na tope jeusi la oili na masizi.

Ndani ya tabo kuna vibawa vinavyofunguka na kufunga. Injini ikiwa chini, vinabana njia ili gesi kidogo itoke kwa kasi, kama unavyobana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba. Masizi yakivigandisha vikiwa wazi, umepoteza kile ambacho kiwanda kilikiweka mahsusi kutibu uchelewaji huu. Vikiganda vimefungwa, hewa inazidi, taa inawaka kwenye dashibodi na gari linajinyima nguvu. Kwenye injini zinazotumia vakyumu kuvisogeza, kipande kidogo cha mpira kilichopasuka kinatosha kuviacha wazi na kuurudisha uchelewaji huohuo.

Na filta ya hewa? Ikichakaa, weka mpya. Kuigongagonga kwenye tairi na kuirudisha ni kuionea injini.

2. Hewa inayovuja

"Bosi, tabo imekufa, tutafute nyingine."

"Fundi, naomba kwanza tupime mabomba."

Jifunze jibu hilo kwa moyo. Tabo inasukuma hewa kupitia mabomba hadi intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, ambayo kwenye Hilux hii imekaa juu ya injini chini ya pua ya boneti. Kila kiungo kina mpira na klipu. Mpira ukipasuka au klipu ikilegea, tabo inafanya kazi ya kupuliza vumbi la barabarani. Dalili ni msonyo au mluzi unapokanyaga, moshi mweusi, na oili nyembamba iliyotapakaa kwenye kiungo.

Kipimo ni cha bei ya sabuni. Injini ikiwa imezimwa, ziba mdomo wa kuingizia hewa kwenye tabo, ingiza upepo wa kompresa taratibu usiozidi psi 15, kisha pulizia maji ya sabuni kila kiungo. Povu litakuonyesha mwizi. Kagua hata intakula yenyewe, maana inapasuka pembeni. Wanaoihamishia mbele ya gari wajue kwamba mabomba marefu yanahitaji hewa nyingi kujaa, na kujaa kunachukua muda.

1. Gia

Kiboko yao. Haiuzwi dukani, na inashinda zote.

Injini hii inatoa Nm 343, nguvu yake yote ya kuvuta, kuanzia mizunguko 1,400 hadi 3,400. Chini ya hapo unamlaumu mtu ambaye hajafika kazini. Na kwenye 1,500 bado tabo inahitaji muda kuchanganya. Kwenye 2,000 inaitika haraka. Kwa hiyo unapopanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori lenye mzigo, shusha gia kabla ya kutoka kwenye mstari wako. Usitoke kwanza ndipo utafute gia. Mwenye otomatiki ashushe kwa mkono, asisubiri gari libahatishe. Shika pedeli kwa uthabiti ili gesi iendelee kutiririka, na achana na gia ya tano ya kuringia mlimani.

Mshale wa mizunguko ukikataa kuvuka 2,000 na tabo haijashika, tafadhali baki nyuma ya lori. Usiovateki.