Mjomba na Kasri la Herufi L

Mjomba ni mchonga vinyago wa Newala. Msimu ule korosho zilimlipa vizuri, akaona aje Brussels anione, akiwa na begi dogo la nguo na kubwa la korosho. Mtu wa mpingo huwezi kumtembeza madukani, kwa hiyo nikampandisha tramu namba 44, ile inayokatiza msituni, hadi Tervuren kwenye Makumbusho ya Afrika. Ni kasri kweli: Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alilijengesha kwa mali ya Kongo, ramani ikachorwa na Mfaransa Charles Girault, likafunguliwa mwaka 1910, mwenyewe akiwa amekufa miezi michache kabla.

Balaa lilianzia dirisha la tiketi.

"Mwulize bei ya mwisho."

"Mjomba, hapa hawapunguzi."

"Basi mwambie mimi fundi mwenzao."

Nililipa haraka, nikajifanya sijasikia.

Njia ya kuingilia inapita chini ya ardhi, na humo umelazwa mtumbwi wa mita 22.5 uliochongwa kwa gogo moja. Mjomba akapiga magoti. Akaukagua kuanzia omo hadi shetri, akitafuta kiungo, huku makundi ya watoto wa shule yakitupita na kurudi. Kiungo hakuna. "Hawa mafundi," akasema, akijipangusa magoti.

Mbele kidogo kuna chumba cha sanamu za enzi za ukoloni, ikiwemo ile ya Mtu-Chui ya Paul Wissaert, ambazo baada ya ukarabati wa mwaka 2013 hadi 2018 zilionekana hazifai tena kutamba kumbini.

"Hawa wamewekwa mahabusu kwa kosa gani?"

"Kudhalilisha watu."

"Sanamu, au aliyezichonga?"

Sikuwa na jibu, nikamwelekeza ngazi.

Juu, kwenye ukumbi wa kuba, nilidhani marumaru ingemnyamazisha. Mtu aliyekulia ukingoni mwa Shimo la Mungu, akitazama bonde la Ruvuma hadi Msumbiji, hatishwi na dari. Alichoona yeye ni herufi L, mara mbili mbili, kila pembe. Akanishika mkono. "Kumbe Lilanga wamemjengea kote huku?"

George Lilanga, mchongaji mzaliwa wa Kikwetu kule Masasi, kwa mafundi wa kwetu ni mkubwa kuliko wafalme wengi. Nilipomweleza kuwa L ni ya Leopold, alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyedanganywa na shule.

Kwenye kuta zimesimama sanamu za shaba zilizopakwa dhahabu, za Ubelgiji ikiileta neema Kongo: Wazungu warefu, Waafrika chini yao wakitazama juu. "Vipimo vimekosewa," akatoa hukumu. Kisha akakiona kichwa kikubwa cha mbao cha Aimé Mpane, Mkongo, kilichowekwa hapo makusudi kuzijibu sanamu hizo. Kikamchanganya. Kimeungwa kwa vipande! Kwetu kinyago cha ujamaa, watu kumi wamebebana, hutoka kwenye gogo moja. "Aliishiwa gogo?" akauliza, na kabla sijajibu akakigonga kwa kifundo cha kidole, asikilize ni mti gani.

"Mzee! Hapana kugusa ile!"

Mlinzi alikuwa kijana wa Bukavu, Kongo. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mjomba alifurahi kama amekemewa na ndugu. Akangoja shikamoo, haikuja, akasamehe.

"Lilanga mmemweka chumba gani?"

"Lilanga ni nani?"

Hapo ndipo nilipojua tramu ya saa kumi tumeikosa. Mjomba alianza na Kikwetu mwaka 1934, akaingia Dar es Salaam, akafika Nyumba ya Sanaa. "Na pale alianza kama wewe, mlinzi!" Kijana akanyoosha mgongo. Mjomba alipokuwa akionyesha kwa mikono jinsi mashetani wa Lilanga wanavyotoa masikio, watalii walikuwa wameshatuzunguka, wengine wakipiga picha, wakiamini ndiye mwongozaji. Mama mmoja akainua mkono kwa adabu, akauliza kwa Kifaransa choo kiko wapi.

Mjomba hajui Kifaransa hata kidogo. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa vizuri, akamwelekeza kwenye mtumbwi.